Kuzunguka Uingereza kwa bajeti ndogo: mwongozo kamili wa kuona vya bure

Mtu aliyezoea lango la hifadhi, lenye kijumba cha risiti na askari wa wanyamapori anayehesabu vichwa ndani ya gari, akifika chini ya Ben Nevis mara ya kwanza hutafuta dirisha la kulipia. Halipo. Mlima huo wa mita 1,345, mrefu kuliko yote Uingereza, unapandwa bila kiingilio, bila kibali na bila mpagazi wa lazima. Siku mbili baadaye mtu huyohuyo anakata tiketi ya treni dakika kumi kabla ya safari, na bei anayotajiwa inamfanya ajiulize kama ameuziwa behewa zima.

Uingereza iko hivyo. Kuona ni bure kwa kiasi cha kushangaza. Kufika na kulala ndiko kunakokula pesa. Wengi huandika kwanza orodha ya wanavyotaka kuona, kisha wanahangaika na nauli. Nashauri uanze upande wa pili: chagua miji michache yenye vya bure vingi karibu karibu, kaa humo siku za kutosha, na tembea kwa miguu. Mwongozo huu umepangwa hivyo.

Mambo mawili kabla hatujaanza. Nikisema Uingereza nina maana ya nchi zote nne: England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Na saa zote nimezitaja kwa Kiswahili, kwa hiyo saa 5 asubuhi ndiyo 11:00 utakayoiona kwenye tovuti zao. Usije ukafika saa 11 jioni ukakuta wamefunga.

Hatua ya 1: Jua ni bure ya namna gani

Bure ya kwanza ni ya siku zote. Tangu tarehe 1 Desemba 2001 makumbusho ya taifa ya England yaliyokuwa yakitoza kiingilio yaliacha kutoza. Unaingia, unaona mkusanyo wa kudumu, unatoka, unarudi kesho ukitaka. Kinacholipiwa ni maonyesho maalumu ya muda, na haya utayajua kwa mabango makubwa yanayokupokea mlangoni. Usidhani bango ndilo jumba lenyewe. Yapite, endelea ndani. Pia kuna kisanduku cha michango, na wakati mwingine mfanyakazi mwenye tabasamu aliyesimama kando yake. Mchango ni hiari; ukiwa nacho toa, usipokuwa nacho salimia upite.

Bure ya pili ni ya kuweka nafasi. Hulipi chochote, ila bila tiketi ya mtandaoni unaweza kugeuzwa mlangoni au kupanga foleni ndefu. Bustani za juu ya maghorofa ya London ziko kundi hili.

Bure ya tatu ni ya saa maalumu. Mchana unatozwa, jioni huingii kama mtalii bali kama muumini au msikilizaji, na mlango ni uleule. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, nitairudia.

Iko pia bure isiyo bure: matembezi ya kuongozwa mjini yanayotangazwa kuwa ya bure. Mwishoni kila mtu anatazamiwa kutoa bakshishi, na mara nyingi hiyo ndiyo riziki nzima ya mwongozaji. Mengi ni mazuri, lakini yatengee pesa au usiende. Kusikiliza saa mbili nzima kisha kutokomea kwenye kona ya mwisho ni aibu.

Hatua ya 2: Panga njia kabla ya vivutio

Kwa mgeni wa mara ya kwanza mwenye wiki mbili hivi, njia ninayoipendekeza ni London, York, Edinburgh, Glasgow. Sababu ni reli. Treni zinazotoka King's Cross kuelekea kaskazini hupitia York, karibu saa mbili kutoka London, kisha huendelea mpaka Edinburgh kwa saa mbili na nusu nyingine. Edinburgh na Glasgow zimepishana kwa chini ya saa moja. Huna haja ya kurudi nyuma hata mara moja, mpaka siku ya kurejea London kwa basi la usiku. Basi hilo linakuokolea pia kitanda cha usiku mmoja, ingawa shingo yako itakulalamikia.

Tiketi za treni nunua wiki kadhaa kabla, zile zinazoitwa Advance. Unafungwa na treni moja ya saa moja tu. Ukiichelewa, imekula kwako. Ndiyo maana ni rahisi. Ukishindwa kupanga mapema, angalia mabasi ya masafa marefu, ya polepole lakini yenye huruma zaidi. Kwa safari fupi ndani ya England, nje ya London, serikali imeweka kikomo cha nauli kwenye mabasi mengi ya kawaida: tangu Januari 2025 hulipi zaidi ya pauni 3 kwa safari moja, hata kama basi linakata vijiji kumi.

Tazama na kalenda. Desemba jua la London linazama kabla ya saa 10 alasiri, hivyo siku ya matembezi ya nje inakwisha ndiyo kwanza umenoga. Juni linazama baada ya saa 3 usiku, na hapo hata hesabu yetu ya saa inapata kizunguzungu: saa 3 usiku na bado unasoma kitabu nje bila taa. Makumbusho makubwa mengi hufungwa tarehe 24 hadi 26 Desemba, na tarehe 25 London haina treni wala mabasi ya umma. Agosti epuka kulala Edinburgh kama huna vitanda vya jamaa. Ni mwezi wa matamasha, na bei za vyumba hupaa. Kama lazima uende, angalau wasanii wa mtaani kwenye Royal Mile hutumbuiza bure kutwa nzima.

Hatua ya 3: London, jumba moja kwa siku

Kosa la kawaida ni kupanga makumbusho matatu kwa siku kwa kuwa hayana kiingilio. Baada ya saa mbili macho yanatazama lakini hayaoni tena. Weka moja asubuhi, kisha toka nje.

British Museum hufunguliwa saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni, na Ijumaa hadi saa 2 na nusu usiku. Ijumaa jioni ndiyo ya kwenda. Weka nafasi ya bure mtandaoni, na ukikuta foleni ya lango kuu imepinda, zunguka nyuma ujaribu mlango wa Montague Place. Jiwe la Rosetta, la Misri ya kale, liko chumba namba 4 likiwa limezingirwa na simu zilizoinuliwa. Ukichoka kusukumana, nenda chumba namba 1, kwenye maktaba ya zamani ya mfalme: kuna nakala yake, na hiyo unaruhusiwa kuigusa. Pitisha kidole kwenye mistari ya maandishi matatu bila mtu kukukanyaga.

Katika hazina ya jumba hilo limo pia jiwe la kukatia kutoka Olduvai, lenye umri wa karibu miaka milioni 1.8. Ni kati ya vitu vya kale kabisa vilivyotengenezwa kwa mkono walivyo navyo. Kwa mtu aliyetoka Afrika Mashariki ni jambo la ajabu kidogo kusafiri mbali hivyo kwenda kuangalia jiwe la nyumbani. Shuka pia chumba namba 25, cha Afrika, utazame shaba za ufalme wa Benin, Nigeria ya leo, ambazo askari wa Uingereza walizichukua mwaka 1897. Mjadala wa kuzirudisha unaendelea. Wakati ukiendelea, angalau mlangoni hatutozwi.

South Kensington kuna makumbusho matatu jirani: ya viumbe na maumbile, ya sayansi, na V&A ya sanaa na ufundi. Kwenye ukumbi mkuu wa Natural History Museum kumening'inizwa kiunzi cha nyangumi bluu cha mita 25.2, kama vile anapiga mbizi kukujia. Ukiwa na watoto anzia hapo, mapema, kabla ya mabasi ya shule. Ukiwa peke yako, V&A Ijumaa inakaa wazi hadi saa 4 usiku. National Gallery ya Trafalgar Square nayo Ijumaa ni hadi saa 3 usiku, na ndani kuna alizeti za Van Gogh ambazo umeshaziona kwenye vikombe na miavuli mpaka ukazichoka. Nenda uone unene wa rangi yenyewe.

*Juu bila kulipa.* Jengo refu la The Shard na gurudumu la London Eye wanatoza. Sky Garden, ghorofa za juu za jengo la 20 Fenchurch Street, ni bure ukiweka nafasi. Tiketi hutolewa wiki chache kabla na huisha upesi, hasa za machweo. Horizon 22, ghorofa ya 58 ya 22 Bishopsgate, nayo ni bure na iko juu zaidi. Ilifunguliwa mwaka 2023. Nikiambiwa nichague moja nitachukua Horizon 22 kwa ajili ya kuona, na Sky Garden kwa ajili ya kukaa.

*Walinzi wa mfalme.* Nje ya Buckingham Palace utaona migongo ya watu. Nenda Horse Guards, mtaa wa Whitehall, ambako askari wa farasi hubadilishana zamu kila siku saa 5 asubuhi, Jumapili saa 4. Unasimama karibu kiasi cha kusikia farasi akipiga chafya.

*Bunge.* Vikao vikiendelea, yeyote anaweza kuingia kwenye jukwaa la wageni na kusikiliza bure baada ya kukaguliwa. Jumatano mchana, waziri mkuu anapoulizwa maswali, kipaumbele ni kwa wakazi wa nchi. Chagua alasiri ya siku nyingine. Agosti wako likizo.

*Westminster Abbey, kwa mlango wa ibada.* Mchana kiingilio chake ni cha kukufanya uhesabu mara mbili. Lakini ibada ya jioni inayoimbwa na kwaya, Evensong, haina malipo. Siku nyingi huanza saa 11 jioni. Tazama ratiba yao, kwani kuna siku ambazo haimbwi. Fika nusu saa kabla, zima simu, usipige picha. Hutapewa nafasi ya kuzurura kati ya makaburi ya wafalme, na hilo ni haki yao: umekuja kwenye ibada. Unachopata ni sauti za waimbaji zikipanda hadi dari, ndani ya kanisa wanamotawazwa wafalme tangu 1066.

Katikati ya ukumbi mrefu wa Abbey kuna kaburi la David Livingstone, aliyezikwa humo Aprili 1874. Alifia Chitambo, Zambia ya leo, na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo, safari ya miezi. Maandishi ya jiwe yanasema aliletwa na mikono yenye uaminifu. Majina ya wenye mikono hayamo. St Paul's Cathedral na kanisa kuu la York wana utaratibu uleule wa ibada ya jioni bila kiingilio.

*Usafiri.* Mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu 2014. Gusa kadi ya benki au simu. Ukishalipa mara moja unaweza kubadili mabasi ndani ya saa moja bila kukatwa tena. Basi namba 15 hupita Tower of London, St Paul's na Trafalgar Square. Namba 24 hukutoa Hampstead Heath na kukupitisha mbele ya Bunge. Panda juu, kaa mbele kabisa. Mabasi ya utalii hupita mitaa hiyohiyo kwa bei ya kukutoa jasho.

Hatua ya 4: Siku moja ya Greenwich, hatua kwa hatua

Hii naieleza kwa kirefu kwa sababu ni siku kamili ambayo hulipi chochote zaidi ya nauli.

Shuka kituo cha Island Gardens, kaskazini mwa Thames. Mbele yako kuna kijengo cha duara chenye kuba. Ndani yake kuna ngazi na lifti. Teremka. Hiyo ni njia ya waenda kwa miguu iliyochimbwa chini ya mto na kufunguliwa mwaka 1902, yenye urefu wa mita 370. Kuta ni vigae vyeupe, kuna ubaridi, na mtu akikohoa mwanzo wa njia unamsikia mwisho. Ukitokeza upande wa pili, meli ya Cutty Sark iko juu yako. Kuingia ndani yake unalipa, kuizunguka hulipi.

Pita National Maritime Museum na Queen's House, zote bure, kisha panda kilima cha bustani. Jipange ufike juu kabla ya saa 7 mchana. Kwenye paa la jengo la uangalizi wa nyota kuna mpira mwekundu juu ya mlingoti. Dakika tano kabla ya saa 7 unapanda nusu, dakika mbili kabla unafika kileleni, na saa 7 kamili unaanguka. Kwa kawaida hufanya hivyo kila siku, upepo usipokuwa mkali. Ulianza mwaka 1833, ili mabaharia waliotia nanga mtoni warekebishe saa zao. Usiangalie simu wakati huo. Ni tukio la sekunde.

Ua wenye mstari maarufu wa longitudo 0 unalipiwa, na foleni ya kupiga picha mguu huku na mguu kule haiishi. Mstari huohuo lakini haukomei uani: umewekewa alama nje ya ukuta, kwenye kijia kinachoshuka upande wa kaskazini. Simama hapo. Nje ya lango kuna saa ya mwaka 1852 yenye uso wa saa 24, hivyo saa sita mchana mshale wake unatazama chini. Haibadilishwi kiangazi, Waingereza wanaposogeza saa zao mbele, kwa hiyo kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba itakuwa nyuma ya simu yako kwa saa moja. Ndiyo sababu pia tofauti yao na Afrika Mashariki ni saa tatu majira ya baridi na mbili majira ya joto. Kabla hujapiga simu nyumbani, hesabu.

Ukibakiwa na nguvu, chukua basi mpaka Woolwich uvuke mto kwa kivuko. Hakijawahi kutoza abiria tangu kilipoanza mwaka 1889.

Hatua ya 5: Kaskazini

York zunguka juu ya ukuta wa mji, kama kilomita 3.4, asubuhi kabla ya watu. Kisha National Railway Museum, bure, ambamo kuna Mallard, kichwa cha treni ya mvuke kilichofika kilomita 203 kwa saa mwaka 1938. Siku mbili zinatosha.

Edinburgh panda Arthur's Seat, volkano iliyozimika, mita 251, alfajiri. Vaa viatu vyenye meno. Majani yenye umande yanateleza. Mchana nenda National Museum of Scotland umwone Dolly, kondoo aliyezaliwa 1996 kwa kunakiliwa kutoka chembe ya kondoo mwingine, sasa amekaushwa na kuwekwa ndani ya kioo. Saa 7 mchana mzinga wa kasri hulia, isipokuwa Jumapili. Utashtuka hata ukiwa umeonywa. Kasri lenyewe linalipiwa, na kwa bajeti ndogo nisingeingia: mandhari yake nzuri zaidi ni ya kulitazama kutoka nje.

Glasgow ni Kelvingrove, jumba la sanaa na makumbusho. Kuna kinanda kikubwa cha kanisa kinachopigwa ukumbini mchana, na ndege ya vita imening'inizwa juu ya twiga.

Ukielekea Wales badala ya Scotland, nje ya Cardiff kuna St Fagans: nyumba za zamani zilizobomolewa jiwe kwa jiwe sehemu mbalimbali za Wales na kujengwa upya uwanjani. Kuingia bure, kuegesha gari pesa, kwa hiyo nenda kwa basi. Belfast, Ireland ya Kaskazini, ina Ulster Museum isiyo na kiingilio, ila kwa hesabu zangu nauli ya kuvuka bahari inaiondolea ubure wake.

Hatua ya 6: Nje ya miji

Hifadhi za taifa ziko 15 na hakuna yenye lango. Watu wanaishi humo, wanafuga kondoo humo, nawe unapita kwa njia zilizowekewa alama. Maegesho ndiyo mtego.

Wanyama wakali hakuna. Hatari ni ukungu, ubaridi na kiburi. Ben Nevis kwa njia ya kawaida ni saa saba hadi tisa kwenda na kurudi, na kileleni theluji inaweza kukukuta hata mwanzoni mwa kiangazi. Beba koti la mvua, ramani na taa. Ukikwama, piga 999, omba polisi, kisha waambie unahitaji waokoaji wa milimani. Waokoaji hao ni watu wa kujitolea na hawatozi.

Scotland, kwa sheria ya mwaka 2003, unaweza kupita karibu ardhi yote na kupiga hema dogo, mradi huharibu wala huachi taka. Baadhi ya fukwe za ziwa Loch Lomond zinataka kibali kati ya Machi na Septemba. England na Wales ni tofauti: omba ruhusa ya mwenye ardhi, isipokuwa sehemu za hifadhi ya Dartmoor, England.

Stonehenge, mduara wa mawe ya kale, unalipia, unasimama nyuma ya kamba. Avebury, mduara mwingine wa namna hiyo, hulipii, na mawe unayashika. Mduara wake ni mkubwa kiasi kwamba sehemu ya kijiji imo ndani. Basi namba 49 kutoka Swindon hupita hapo. Anayeitaka Stonehenge yenyewe aje mapambazuko ya siku ndefu kuliko zote, karibu tarehe 21 Juni, ambapo huwaachia watu waingie kati ya mawe bila malipo.

Na kama safari yako ni Septemba, tafuta Heritage Open Days kwa England, Open House kwa London na Doors Open Days kwa Scotland. Majengo yasiyofunguliwa kwa umma mwaka mzima hufunguliwa siku hizo.

Hatua ya 7: Vidogo vinavyokula pesa

Maji ya bomba ni salama. Beba chupa yako na ujaze makumbusho. Choo pia tumia humohumo, kwa sababu nje unaweza kulipia. Chakula nunua supamaketi na ule bustanini, maana kahawa na keki za ndani ya makumbusho ndipo wanapofidia kile kiingilio.

La mwisho ni sanduku. Safari yangu ya kwanza nilitoka stesheni moja kwa moja mpaka jumba moja la makumbusho nikiburuta sanduku la magurudumu, nikidhani nimeokoa muda. Mlinzi aliliangalia, akaniangalia, akatikisa kichwa. Nililipa kulihifadhi mahali pengine zaidi ya nilivyotumia kula siku nzima. British Museum nayo hairuhusu masanduku ya magurudumu, na haiko peke yake. Liache hosteli hata kabla ya saa ya kupewa chumba. Nyingi zina chumba cha mizigo, waulize wakati unaweka nafasi.